Daftari la Misiba

Tunduma,
9 Julai 1995

Dada Scola,

Shikamoo. Barua hii ikukute mzima, pamoja na shemeji Luhende na mama mkwe wako na vyungu vyake vya chumvi. Huku hatujambo. Mama anasema chumvi uliyotuma kwa lori la mzee Osward imefika, ila nusu ya mfuko ilikuwa nyasi. Anakushukuru hivyo hivyo.

Nina habari. Nimekuwa katibu.

Usicheke. Ile Pasaka uliponipeleka kwa Shadrack ukamwambia, "Huyu mdogo wangu hasemi, lakini ana mwandiko," nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Sasa nakushukuru. Kikundi cha vijana wa mageuzi tunakutana kila Jumamosi alasiri nyuma ya duka la Anyosisye la vipuri vya baiskeli. Tuko kumi na tisa, wasichana ni mimi na Nesta. Ukifika unagongana ngumi na kila mtu, unasema "Tumeamka," naye anajibu "Hatulali tena." Shuleni nilikaa dawati la nyuma miaka minne, na nadhani walimu wawili walimaliza kunifundisha bila kulijua jina langu. Hapa Shadrack akisema jambo zito hunyamaza, hunitazama, hunisubiri nimalize sentensi. Watu kumi na nane wanaisubiri kalamu yangu, dada!

Pia nimejiandikisha. Nimepata shahada yangu ya kupigia kura. Nimeiweka ndani ya Biblia ya baba na kila siku naifungua kuhakikisha jina bado lipo.

Jambo moja dogo. Shadrack aliniomba daftari la misiba la mtaa, lile alilonikabidhi mama nilipokuwa kidato cha pili. Unalikumbuka: jina la marehemu, kaya yake, tarehe, na mahali pa kaburi. Hiyo safu ya mwisho mama ndiye aliyeitaka lilipoanzishwa, miaka miwili baada ya msiba wa baba, ili majirani wajue mapema kama wanakwenda makaburi ya hapa au wavae viatu vya kuvukia mpaka. Shadrack alisema anataka kujua kaya za mtaani ili tuzialike kwenye mkutano. Nikampa. Alifunua kurasa, kidole chake kikasimama kwenye safu hiyo. "Wengi namna hii wanazikwa ng'ambo?" Nikamwambia ndiyo, makaburi ya koo nyingi yako huko, mpaka uliyakuta. Akasema, "Safi sana, katibu. Mwandiko kama wa mashine."

Nilifurahi siku nzima.

Mdogo wako,
Fides


Ivuna,
17 Julai 1995

Mdogo wangu Fides,

Marahaba. Nyasi ni za kuzuia chumvi isilowe njiani. Mwambie mama asitafute sababu.

Nilimsomea Luhende barua yako. Akauliza, "Ni yule anayejificha nyuma ya mlango akiona wageni?" Nikamwambia ndiye huyo huyo, na sasa wageni wanamsubiri yeye. Amecheka mpaka ng'ombe wakageuka.

Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Nilijua ukikaa na watu wanaotaka unachotaka utapata sauti. Nakupa neno moja la ualimu: katibu anaandika kilichosemwa. Haandiki kilichotakiwa kusemwa. Ukilishika hilo hutapotea.

Tawi letu la huku bondeni linaendelea vizuri. Shule nayo inaendelea, nina watoto themanini na wawili na chaki sita.

Mzee Osward ataiacha barua hii dukani kwa Anyosisye, maana ndipo anapoegesha lori. Bahasha nimeifunga kwa ugali, gundi huku hakuna. Ikinuka usishangae.

Dada yako,
Scola


Tunduma,
30 Julai 1995

Dada Scola,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara tatu. Mbili nimezichoma.

Jana kwenye kikao Shadrack alikuja na karatasi mbili zilizojaa majina. Alieleza kwamba orodha ya wapiga kura imebandikwa ofisi ya kata, na sheria inaruhusu mtu kuweka pingamizi dhidi ya yeyote asiye raia. Akasema siku ya kura watu watavushwa kutoka ng'ambo ili watushinde, na lazima tuwawahi. Hapo niliandika kwa bidii, kwa sababu hilo hata mimi naliogopa.

Kisha akaanza kusoma majina. La kwanza lilikuwa Lusungu, mjane, nyumba ya karibu na kisima.

Bibi Lusungu, dada. Aliyenikata kitovu.

Aliendelea. Kufika jina la tano nilijua anachosoma. Alikuwa anafuata mpangilio wangu, mwezi kwa mwezi, kila kaya ambayo safu ya mwisho niliandika "ng'ambo". Arobaini na watatu. Ni daftari langu.

Mkono wangu uliinuka. Sijui uliinukaje.

"Katibu, wino umeisha?" Shadrack aliuliza. Wakacheka.

"Hapana, kaka. Hawa ni watu wa mtaani kwetu. Wanazika kule, lakini wanaishi hapa."

"Anayemzika mama yake Zambia ni mtu wa wapi?"

"Ni wa hapa. Kaburi ndilo liko kule."

Mmoja nyuma akasema, "Basi na marehemu tuwaandikishe!" Wakacheka tena, na Anyosisye akasema, "Mwacheni, mtoto wa shule huyo, vitabu bado havijashuka kichwani." Ningenyamaza hapo. Lakini yule wa nyuma akauliza tena, safari hii bila kucheka, "Nani kakutuma?"

Watu wale wale wanaoisubiri kalamu yangu walikuwa wananitazama kama mtu aliyeingia kupitia dirishani.

Shadrack alisema kwa upole, "Fides, wewe ni mwenzetu au si mwenzetu?"

"Ni mwenzenu."

"Basi andika. Imepitishwa kwa kauli moja."

Nilikumbuka neno lako. Niliandika: "Mjumbe mmoja alipinga." Alikuja nyuma yangu akasoma juu ya bega.

"Mjumbe gani huyo?"

"Mimi."

"Katibu si mjumbe. Katibu ni mkono."

Wakati wa kuondoka nilimnyooshea Anyosisye ngumi. Akatia mkono mfukoni kutafuta funguo. Aliyefuata akainama kufunga kamba ya kiatu, na alikuwa amevaa kandambili. Nesta peke yake ndiye aliyenigonga, haraka, kama mtu anayeiba.

Baba naye amelala ng'ambo. Hakuna aliyemtaja, kwa sababu alikufa kabla daftari halijaanza. Nilikaa pale nikimwomba Mungu wasikumbuke, na nikaona haya kwa kuomba hivyo.

Bado nataka mageuzi. Nataka yale yale wanayoyataka wao. Ndiyo maana naogopa hivi. Wangekuwa watu wengine ningerudi nyumbani tu. Daftari bado analo. Niambie la kufanya.

Fides


Ivuna,
6 Agosti 1995

Fides mdogo wangu,

Marahaba. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Nadhani umeogopa kupita kiasi. Shadrack namjua tangu tukiwa chuoni, si mtu wa kuonea vikongwe. Pingamizi ni karatasi tu. Afisa atawaita, watajieleza, watarudi kwao. Katika kazi kubwa kama hii lazima kuwe na mambo yanayotukwaruza, na mtu mzima anayavumilia.

Nenda kwake ukamwombe msamaha. Usimweleze mengi. Sema ulighafilika.

Na tafadhali usiinue mkono mara ya pili. Mara ya kwanza watasema ni utoto. Mara ya pili hawasahau, Fides. Hata ukinyamaza miaka kumi baadaye, hawasahau. Wataanza kuhamisha saa ya kikao bila kukuambia.

Kaa ndani. Ukiwa ndani unaweza kurekebisha jambo siku moja.

Mwaka huu chumvi ni kidogo, maji ya mvua yalichelewa kukauka kwenye mbuga. Luhende anakusalimu.

Dada yako,
Scola


KIKUNDI CHA VIJANA WA MAGEUZI
TUNDUMA
11/8/1995

Ndugu Fides Hezron,

YAH: MWENENDO WA KATIBU

Tafadhali husika na somo hapo juu.

Kikundi kimesikitishwa na kutohudhuria kwako kikao cha tarehe 5/8, ambacho taarifa yake ilikuwa wazi kwa kila mwanachama mwenye moyo. Unatakiwa kuuandika upya muhtasari wa tarehe 29/7, ukurasa safi bila kufuta, na uonyeshe kwamba azimio lilipitishwa kwa kauli moja, kama lilivyopitishwa.

Aidha, tarehe 26/8 saa nne asubuhi utafika ofisi ya kata mbele ya afisa mwandikishaji ukiwa shahidi wetu, kuthibitisha kwamba daftari la misiba ni la mwandiko wako na kwamba yaliyomo ni kweli. Daftari unarudishiwa pamoja na barua hii ili ulisome na kujiandaa.

Mwisho, kikundi kina habari kwamba mambo ya ndani ya kikao yanaandikwa kwenye barua kwenda bondeni. Hatuna ugomvi na dada yako, ambaye mwenyewe anajua kwa nini hakai tena vikaoni. Tunakukumbusha tu kwamba nyumba yenye kuta nyembamba huanguka kwa wote waliomo.

Mama yako ana meza sokoni. Tunamheshimu sana na tusingependa aingie kwenye mambo haya.

Wako katika mageuzi,
Shadrack J. Simtowe
Mwenyekiti


Tunduma,
Jumapili, 13 Agosti 1995

Fides,

Nimempa mdogo wangu karatasi hii akuletee kanisani, ichome ukishasoma.

Kesho ukiniona sokoni usinisalimie. Si kwamba nina kinyongo. Jana kwenye kikao waliuliza nani alikugonga ngumi siku ile, na kila mtu akanitazama. Nilisema sikumbuki.

Usipite njia ya stendi jioni. Wavulana wawili waliahidi "watakuelimisha". Shadrack hakuwakataza. Hakuwatuma pia, lakini hakuwakataza.

Nisamehe. Mimi si kama wewe. Wewe huongei lakini ukiongea huwezi kurudi nyuma. Mimi naongea sana, na nyuma narudi vizuri tu.

Nesta


Tunduma,
15 Agosti 1995

Dada Scola,

Shikamoo. Barua hii sikumpa mzee Osward. Nimempa mama mmoja muuza mchele anayerudi Kamsamba. Ameapa ataifikisha mkononi mwako.

Barua yako ya tarehe sita ilinifikia imefungwa kwa gundi.

Niliishika muda mrefu kabla ya kuelewa. Gundi nyeupe, nzuri, ya dukani, na chini yake makombo ya ugali uliokauka. Mzee Osward hana kosa, yeye anaacha tu barua dukani. Wamesoma zako, na yangu ya mwezi uliopita wameisoma kabla haijapanda lori. Wanajua niliyoandika juu yao, na kuhusu baba. Nimesoma barua yangu upya kichwani, neno kwa neno, kwa macho ya Anyosisye, na kila neno linanichoma.

Asubuhi ya leo tumekuta mlango wa nyumba umeandikwa kwa chaki herufi moja, Z. Mama aliifuta kwa kanga yake, akaenda sokoni. Alasiri amerudi na kusema, "We Fides, nenda kaombe msamaha. Meza yangu imezungukwa na vijana tangu saa tatu, hawanunui, hawaongei, wamesimama tu." Sijawahi kumwona mama akiogopa. Hata baba alipokuwa anakufa hakuogopa.

Jambo jingine ndilo linalonitisha zaidi. Daftari lilirudi. Nililisoma kama walivyotaka, na kuna ukurasa haupo. Aprili 1993. Umechanwa kwa rula, taratibu, huwezi kujua usipohesabu. Mimi najua kilichokuwa pale, dada, kwa sababu niliandika mwenyewe. Ni mama yake Shadrack. Alizikwa ng'ambo kwa kaka zake. Tulivuka mtaa mzima kwa miguu, nami nilitangulia nikiwa nimebeba msalaba wake, kwa kuwa wajukuu walikuwa wadogo. Askari wa pande zote mbili walivua kofia. Shadrack alikuwa analia, ananishika bega ili asianguke.

Sasa anajua kwamba najua. Na mimi najua kwamba anajua. Kila nikisikia hatua nje nadhani ni yeye anakuja kuniuliza kama nakumbuka.

Nikisema, atakuwa mgeni kama wale arobaini na watatu. Nikinyamaza, bibi Lusungu atasimamishwa juani na kuulizwa ni wa nchi gani.

Na alimaanisha nini kusema hukai tena vikaoni? Wewe ulisema tawi linaendelea vizuri.

Fides


Ivuna,
21 Agosti 1995

Fides,

Nimekudanganya.

Mwezi wa tano, tawi letu lilikuwa linajadili wafugaji waliohamia bonde hili na ng'ombe wao. Wenzangu walisema watu hawa hawana kwao, wamenunuliwa na upande wa pili, wasiandikishwe. Walikuwa wanamsema baba mkwe wangu, mzee Makene, ambaye amekaa hapa miaka kumi na mitano na amechimba kisima wanachokunywa wao. Niliinua mkono. Mara ya kwanza wakasema, "Mwalimu ameolewa huko, tumwelewe." Nikainua mara ya pili. Kikao kilichofuata nilikuta darasa tulilokuwa tunakutania limefungwa. Walikuwa wamehamia nyumba nyingine, na watoto wangu wa darasa la tano walijua saa ya kikao kuliko mimi.

Nilikuambia uombe msamaha kwa sababu nilitaka mmoja wetu abaki ndani. Na kwa sababu niliona haya. Mimi ndiye niliyekupeleka kwa mkono, nikakuambia hawa ndio watu wetu. Ningekuambiaje kwamba watu wetu wamenifungia mlango?

Mzee Makene naye amewekewa pingamizi. Ataitwa mwezi ujao. Luhende halali vizuri, anazunguka zizi kama kuna simba.

Sasa sikiliza, na safari hii nasema ninachokiamini. Ukurasa ule ni silaha yako. Simama mbele ya afisa, mtaje mama yake Shadrack, taja tarehe, taja kijiji. Waone wote. Akamezwe na shimo alilolichimba. Usimwonee huruma, yeye hakumwonea huruma bibi Lusungu.

Kisha uje Ivuna. Luhende atakufuata hadi Kamsamba kwa baiskeli.

Nisamehe.

Scola


Tunduma,
28 Agosti 1995

Dada Scola,

Shikamoo. Tuko wazima. Nimeanza na hilo ili usisome huku umeshika kifua.

Jumamosi nilitoka nyumbani na barua yako kwenye mfuko wa sketi, na daftari na Biblia ya baba mkononi. Mama aliniona nikishindwa kufunga vifungo, akanifunga yeye kama nilipokuwa darasa la kwanza. Hakuuliza nitasema nini. Nilipita njia ya kisimani, siyo ya stendi.

Afisa alitoka Vwawa, mtu mzima mwenye miwani, amewekewa meza barazani. Watu arobaini na watatu walikuwa uwanjani juani. Bibi Lusungu alikuwa amekuja na kigoda chake. Kikundi kilisimama upande mmoja, na nilipofika walisogea, dada, si kunipisha, bali kama mtu anavyosogea akiona mwenye upele. Nesta aliangalia miguu yake.

Shadrack alikuwa amevaa koti. Alisema vizuri, unajua anavyosema. Kisha akaniita. "Shahidi wetu ni mtunza daftari."

Niliapa. Afisa akaniambia, "Ongea binti, sikusikii." Nikarudia. "Bado sikusikii." Mtu mmoja uwanjani akapiga kelele, "Mbadilishieni betri huyo!" Watu wakacheka, hata wale waliowekewa pingamizi wakacheka, na sijui kwa nini kicheko kile kilinisaidia kidogo.

"Mwandiko huu ni wako?"

"Ni wangu."

"Ni kweli watu hawa huzika ndugu zao ng'ambo?"

"Ni kweli."

Nilisikia uwanja mzima ukivuta pumzi. Bibi Lusungu alinitazama tu. Shadrack akasema, "Tunashukuru, shahidi amemaliza."

Nikasema, "Sijamaliza. Kuna mmoja hayumo humu."

Ungemwona Shadrack. Midomo yake ilikuwa mikavu, na mkono ulikuwa umeshika ukosi wa koti kama mtu anayesikia baridi kwenye jua la saa tano. Sijawahi kumwona mtu akiniogopa mimi, dada. Nilidhani nitafurahi. Jina la mama yake lilikuwa mdomoni mwangu, na kijiji, na tarehe, vyote kama ulivyoniambia. Nikaona ule uso ni ule ule wa Aprili, siku aliyonishika bega.

"Nani hayumo?" afisa akauliza.

"Hezron. Ni baba yangu. Alizikwa ng'ambo mwaka themanini na tisa, kabla ya daftari. Mimi ni mtoto wake na jina langu limebandikwa ukutani hapo nyuma yako, mzee. Kama hawa si wa hapa kwa sababu ya makaburi, basi na mimi si wa hapa."

Afisa alishusha miwani. "Unajiwekea pingamizi mwenyewe?"

"Sijui inaitwaje, mzee."

Alimuuliza Shadrack kama ana ushahidi mwingine juu ya wale arobaini na watatu mbali na makaburi. Shadrack alisema hana. Aliulizwa tena, akasema hana, sauti yake ikiwa chini kuliko yangu. Afisa akasema makaburi hayapigi kura, na pingamizi zote zimeanguka. Watu walipiga vigelegele. Nilidhani yamekwisha.

Kisha akanigeukia. "Ila wewe umetamka mwenyewe, chini ya kiapo. Hilo siwezi kujifanya sikulisikia." Akataka shahada yangu. Niliitoa kwenye Biblia ya baba nikampa. Nirudi tarehe kumi na moja Septemba pamoja na mama na watu wawili wanaojua nilikozaliwa.

Bibi Lusungu akanyanyuka kwenye kigoda. "Andika jina langu. Mimi ndiye niliyemkata kitovu."

"Uje siku hiyo, bibi."

"Nitakuja. Kigoda nakiacha hapa hapa."

Kikundi kiliondoka pamoja. Niliwasikia wakigongana ngumi barabarani, tumeamka, hatulali tena. Walikuwa kumi na saba. Shadrack alibaki akifunga karatasi zake muda mrefu kuliko karatasi zenyewe. Alisema bila kunitazama, "Ulikuwa unajua."

"Ndiyo, kaka."

"Mbona hukusema?"

"Nilibeba msalaba wake."

Akaenda kwa njia nyingine, si ile waliyopita wenzake. Sijui kama sasa atanichukia zaidi. Nadhani inawezekana.

Samahani, dada, sikufanya ulivyosema. Ningemtaja, ningekuwa nimekubali kwamba kuzikwa kule ni hatia.

Jana asubuhi tulikuta meza ya mama sokoni imepinduliwa na mguu mmoja umevunjika. Nililia. Mama akaokota tofali, akaliweka mahali pa mguu, akaniambia, "Ungeniambia utamtaja baba yako mbele ya watu, ningekuja nimevaa kitenge kizuri." Kisha akauza kama siku zote. Lakini nilimwona akigeuka kila mtu alipopita nyuma yake.

Nesta hajaja. Kila nikifika kisimani wanaacha kuongea. Sina kikao, sina shahada, na Jumamosi alasiri sijui niiweke wapi mikono yangu. Naogopa tarehe kumi na moja. Naogopa watasema bibi Lusungu ni mzee hakumbuki, naogopa nitaambiwa niongeze sauti na haitatoka.

Mwambie mzee Makene, atakapoitwa, aende na aliochimba nao kisima. Sitakuja Ivuna kwa sasa. Nikiondoka watasema nimerudi kwetu.

Jana alasiri nilichukua rula nikachora safu nne kwenye karatasi, nikaubandika ukurasa mpya wa Aprili 1993 mahali pa ule uliochanwa. Nimeandika wote watano waliokuwepo. Mama yake Shadrack ni wa tatu. Jina, kaya, tarehe, na mahali pa kaburi: ng'ambo. Sijamwonyesha mtu.

Barua hii inakuja kwa mama wa mchele. Nimeifunga kwa ugali na nimebonyeza kidole gumba pembeni, utaona alama. Ikikufikia na gundi, usinijibu.

Mdogo wako,
Fides